Mashine ya kuosha vyombo: Jinsi ya kutambua kasoro ya kihisi joto

MASHINE ya kuosha vyombo inapotoa sahani zikiwa baridi na zenye mafuta, wengi hukimbilia kuamini kwamba koili ya kuchemsha maji imeungua. Hununua koili mpya, humlipa fundi, na kasoro hubaki pale pale.

Mara nyingi chanzo huwa ni kifaa kidogo kisichozidi kidole kwa ukubwa, yaani kihisi joto. Bei yake huwa ndogo ikilinganishwa na ya koili au ya bodi ya elektroniki inayoendesha mashine. Ni busara basi kukikagua kabla ya kugharimika.

Mashine hizi zina historia ndefu. Josephine Cochrane, mwanamke wa jimbo la Illinois nchini Marekani, alipata hataza ya mashine yake mwaka wa 1886 na kuionyesha katika Maonyesho ya Dunia mjini Chicago mwaka wa 1893. Humu nchini hupatikana zaidi katika hoteli, hospitali na mikahawa, na pia katika baadhi ya nyumba za mijini.

Kihisi hufanyaje kazi?

Kihisi joto hukaa chini ya mashine, karibu na mahali maji yanapokusanyika. Katika mashine za kisasa, aghalabu huunganishwa na kifaa kinachopima uchafu wa maji.

Kimetengenezwa kwa mada ambayo ukinzani wake wa umeme hupungua kadiri joto linavyopanda. Tabia hiyo ilibainishwa na mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday mwaka wa 1833, alipokuwa akichunguza salfidi ya fedha. Bodi ya elektroniki husoma ukinzani huo na kuamua iwapo koili iendelee kuchemsha maji au izimwe.

Vihisi vingi vya mashine za nyumbani huwa na ukinzani wa takriban omu 10,000 katika nyuzijoto 25 za Selsiasi. Maji yakifika nyuzi 50, ukinzani hushuka hadi kati ya omu 3,500 na 4,200. Katika nyuzi 60 huwa kati ya omu 2,400 na 3,000. Hata hivyo, zipo aina zinazoanzia omu 50,000, kwa hivyo mwongozo wa mashine husika ndio wa kufuatwa.

Dalili za kasoro

Kihisi huharibika kwa njia tatu. Kwanza, waya unaweza kukatika ndani yake. Ukinzani hupanda kupita kiasi, na bodi hudhani kwamba maji ni baridi kama barafu.

Pili, nyaya zinaweza kugusana. Ukinzani huanguka karibu na sufuri, bodi huamini kwamba maji yanachemka, na hukataa kuyapasha moto. Katika hali hizi mbili, mashine nyingi husimama na kuonyesha alama ya hitilafu ambayo maana yake hupatikana katika mwongozo.

Njia ya tatu ndiyo yenye hila, kwa kuwa huenda isionyeshe alama yoyote. Kihisi huendelea kufanya kazi lakini husema uongo. Ukinzani ukiwa juu kuliko inavyostahili, maji huchemka kupita kiasi na vyombo vya plastiki hupinda. Ukiwa chini, koili huzimwa mapema na mafuta husalia kwenye sahani.

Ikumbukwe kwamba si kila mashine inayokawia ni mbovu. Programu ya kubana matumizi ya stima imeundwa kuosha kwa maji ya uvuguvugu, na inaweza kuchukua zaidi ya saa tatu. Aidha, kichujio kilichoziba au maji yasiyotosha huweza kuleta dalili zinazofanana na hizi.

Hatua za ukaguzi

Kabla ya kufungua chochote, plagi ichomolewe kwenye soketi na mfereji wa maji ufungwe. Kuzima swichi ya mashine pekee hakutoshi. Maji yaliyosalia chini yakaushwe kwa kitambaa.

Hatua ya kwanza ni kuiacha mashine bila stima kwa dakika kumi hivi, kisha kuijaribu tena. Iwapo alama itarejea, plagi ichomolewe upya na kifuniko cha chini kifunguliwe kwa bisibisi.

Hatua ya pili ni kukagua nyaya na viunganishi kwa macho. Kutu, unyevu na nyaya zilizotafunwa na panya husababisha hitilafu hata kama kihisi chenyewe ni kizima.

Hatua ya tatu ni kuchomoa kiunganishi cha kihisi na kupima ukinzani kwa mita ya fundi. Kisha kihisi kitumbukizwe kwenye kikombe cha maji ya moto, ncha za nyaya zikiwa nje, pamoja na kipimajoto. Ukinzani unapaswa kushuka polepole bila kurukaruka. Usipobadilika, au ukiwa mbali na viwango vya mwongozo, kihisi kimekwisha.

Hatua ya nne ni kupima upya kutoka upande wa bodi, kihisi kikiwa kimerudishwa kwenye nyaya zake. Kipimo kikiwa tofauti na cha awali, basi kasoro iko kwenye nyaya.

Iwapo yote hayo ni sawa, ndipo koili ishukiwe. Koili ya wati 2,000 inayotumia volti 240 huwa na ukinzani wa takriban omu 29. Nayo ikiwa nzima, huenda swichi ya ndani ya bodi inayoiwasha ndiyo imeungua.

Kihisi kipya kiwe cha aina ile ile, na mpira wake wa kuzuia maji ubadilishwe pia. Kuunganisha nyaya moja kwa moja ili kuidanganya bodi hakufai, kwani bodi itaamini kwamba maji yanachemka na kukataa kuyapasha moto.

Hotelini na Pwani

Katika mashine za kibiashara zinazoua vijidudu kwa joto, maji ya kusuuza hutakiwa kufika takriban nyuzi 82. Kihisi kinachodanganya hapo huhatarisha afya ya wateja, hata kama sahani zinang'aa. Mashine hizo, ambazo nyingi hutumia umeme wa nguvu nyingi, ziachiwe fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA).

Maeneo yanayotegemea visima, hasa Pwani, maji yake huwa na chokaa kinachojenga ukoko juu ya koili na kihisi. Ukoko huo hukifanya kihisi kuchelewa kutambua joto. Kuusafisha mara kwa mara kwa asidi ya limau, na kutia chumvi maalumu ya mashine palipo na tangi lake, hurefusha maisha ya vifaa hivyo viwili.