Uzi: Kiko cha babu, ugoro wa shangazi, na sheria inayobana tumbaku

Wadau, leo nataka tuongee polepole. Kila mjadala wa runinga ukifika kwenye ushuru na masharti ya biashara, lazima mmoja aseme "serikali inaua mfanyabiashara mdogo" na mwingine ajibu "nyinyi mnataka watu wafe". Wanapigiana kelele dakika kumi, matangazo yanaingia, tunalala.

Mimi hili jambo linanigusa nyumbani. Babu yangu mzaa baba, kule Migori, alivuta kiko cha udongo maisha yake yote. Tumbaku aliipanda mwenyewe nyuma ya boma na hakuwahi kusoma onyo lolote kwenye pakiti, kwa sababu hapakuwa na pakiti. Alikufa kwa ugonjwa wa koo. Shangazi yangu, bintiye huyo huyo babu, anauza ugoro sokoni. Ugoro umesomesha watoto wanne. Mwaka jana maafisa walipita, wakachukua mikebe yake yote, wakamwambia bidhaa haina maandishi ya onyo. Akanipigia simu jioni: "Wewe umesoma. Hawa watu wanataka nini hasa?"

Nilikosa jibu la haraka. Uzi huu ndio jibu refu, na itabidi nianzie mbali, kwa mfalme wa Uingereza.

Mwaka 1604 Mfalme James wa Kwanza aliichukia tumbaku kuliko kawaida. Aliandika kijitabu kizima cha kuilaani, akisema inadhuru ubongo na mapafu. Kwa hilo la mapafu, tumpe haki yake, alikuwa mbele ya wakati. Halafu akapandisha ushuru wa tumbaku inayoingia nchini kutoka peni 2 kwa ratili hadi shilingi 6 na peni 10. Pigeni hesabu: shilingi yao ilikuwa na peni 12, kwa hiyo ni peni 82. Mara 41 kwa mkupuo mmoja!

Watu waliacha? Wapi. Magendo yalishamiri, na baada ya miaka michache ushuru ukashushwa.

Ila sehemu ninayoipenda ni ya baadaye. Mwaka 1619 mfalme huyo huyo aliwapa mafundi wa viko vya udongo hati ya kifalme ya kuwa chama rasmi. Mwaka huo huo akapiga marufuku kupanda tumbaku ndani ya Uingereza. Kwa nini? Kufikia hapo tumbaku ya koloni la Virginia ilikuwa inaingia kwa meli, na kinachopita bandarini kinahesabika na kutozwa. Kinachoota shambani kwa mtu, kama kile cha babu yangu, hakihesabiki. Yaani katika miaka 15 serikali ilitoka "hiki ni sumu" ikafika "hiki ni sumu, lakini kilipiwe kupitia mlango wangu".

Shikeni hilo, kwa sababu tangu wakati huo kila sheria ya tumbaku ina nia mbili ndani yake: kulinda afya na kukusanya pesa. Kuna siku zinasukuma upande mmoja. Kuna siku zinagombana.

Sasa turuke miaka mia nne hadi Marekani. Naichagua Marekani kwa sababu huko yaliyotokea yamehesabiwa na wakaguzi wa serikali yenyewe, kwa hiyo hatubishani kwa hisia.

Aprili 1, 2009 ushuru mpya wa shirikisho ulianza, na pesa zilikuwa za kugharimia bima ya afya ya watoto. Nani atapinga hilo? Kabla ya siku hiyo, tumbaku ya kujisokotea sigara na tumbaku ya kiko zilitozwa sawa, dola 1.0969 kwa ratili, yaani kwa karibu nusu kilo. Baada ya hapo ya kujisokotea ikapanda hadi dola 24.78. Ya kiko ikapanda hadi dola 2.83 tu.

Mantiki yake haikuwa mbaya. Tumbaku ya kujisokotea ni sigara ya bei nafuu, vijana huikimbilia. Kiko ni cha wazee wachache, watu wa kukaa barazani na kuvuta taratibu. Sasa angalieni sheria inavyotofautisha hizo mbili. Tumbaku ya kiko ni ile ambayo kwa mwonekano, aina, ufungashaji au lebo yake, inafaa kuvutwa kwa kiko na inaelekea kununuliwa kwa kazi hiyo. Hakuna kipimo cha unyevu wala upana wa jani. Lebo!

Nyinyi mngekuwa na kiwanda mngefanya nini?

Walifanya hicho hicho. Mifuko ile ile mikubwa ikabadilishwa maandishi. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilitoa ripoti mwaka 2012. Januari 2009 mauzo ya tumbaku ya kiko yalikuwa kama ratili 240,000 kwa mwezi. Septemba 2011 yalipita ratili milioni 3. Tumbaku ya kujisokotea nayo ikaporomoka kutoka karibu milioni 2 hadi 315,000. Ukisoma takwimu hizo bila kujua kisa, utadhani taifa zima lilinunua viko kwa miaka miwili. Ukijumlisha na mchezo kama huo uliofanyika kwenye biri, ambapo ndogo ziliongezwa uzito kidogo ili zihesabiwe kubwa, wakaguzi walikadiria serikali ilipoteza kati ya dola milioni 615 na dola bilioni 1.1.

Kuna maduka yaliyofunga hadi mashine za kusokota sigara ndani. Mteja ananunua "tumbaku ya kiko", anaimwaga kwenye mashine, anatoka na sigara. Ilibidi sheria nyingine ije Julai 2012 kusema duka la namna hiyo ni kiwanda na lilipe kama kiwanda.

Mpaka hapa waliofaidi ni wenye mashine na mifuko mikubwa. Mvuta kiko halisi, yule mpenzi wa kweli, hajafanya lolote. Ila jina lake ndilo limetumika. Na kwenye macho ya serikali "tumbaku ya kiko" ikaanza kunuka ujanja.

Mwaka 2016 likaja la pili. Mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo, FDA, ilikuwa imepewa nguvu juu ya sigara na sheria ya 2009. Mei 2016 ikatangaza kuwa sasa inasimamia tumbaku zote: sigara za kielektroniki, biri, shisha, kiko. Kanuni ikaanza kufanya kazi Agosti 8. Bidhaa ambayo haikuwa sokoni Februari 15, 2007 ikahesabiwa mpya, na bidhaa mpya inahitaji kibali.

Ili muone uzito wake, lazima mjue duka la kiko la kizamani linavyofanya kazi. Kuna mitungi ya kioo kwenye rafu. Mwenye duka anachota Virginia yenye utamu, Burley kavu kidogo, na Latakia ambayo imekaushwa kwa moshi na inanukia kama nyama ya kuchoma. Anachanganya, anakunusisha, mnabishana, anaongeza kidogo. Mchanganyiko huo anaupa jina na ndio fahari ya duka. Kwa wapenzi wa kiko, raha yenyewe ni hiyo ya kuonja na kulinganisha, kama vile wengine walivyo na kahawa.

Kanuni ya 2016 ilisema muuzaji anayechanganya hivyo ni mtengenezaji. Ajisajili, aorodheshe bidhaa na viungo, na kila mchanganyiko mpya uombewe kibali. Kuonjesha bure nako kukakatazwa. Tuseme una michanganyiko 80 na kila mmoja unauza kilo chache kwa mwaka. Kiwanda kinachouza tani za mchanganyiko mmoja kinaandika ombi moja na gharama inapotea kwenye tani. Wewe unaandika themanini. Sharti ni moja, mzigo si mmoja. Na hapa nadhani yule wa "wanaua mdogo" ana hoja ya kweli, japo kwenye runinga huwa anaitetea vibaya.

Lakini yule mwingine naye ana hoja. Moshi wa kiko unaleta saratani ya mdomo na koo, haujali kama jani lilichanganywa kwa upendo. Na ukiacha mlango wazi kwa "wapenzi wachache", tumeshaona 2009 nani hupitia mlango huo.

Mahakama zimeingia pia. Tarehe za maombi zilisogezwa mara kadhaa hadi Septemba 2020. Mwaka huo huo mahakama ya rufaa ya Washington ilitupa masharti ya maonyo kwenye biri na kiko, kwa sababu FDA haikupima kama maonyo hayo yangepunguza wavutaji. Sikieni vizuri: mahakama haikusema kiko ni salama. Ilisema hamkufanya hesabu yenu. Mwaka 2023 jaji mwingine akaziondoa biri za hali ya juu kwenye kanuni ya 2016. Kiko kikabaki ndani.

Sasa turudi kwetu. Sheria yetu ya Kudhibiti Tumbaku ni ya 2007, na tafsiri yake ya bidhaa ya tumbaku ni pana: ya kuvuta, ya kutafuna, ya kunusa. Kwa hiyo ugoro wa shangazi umo, sawa na sigara ya kampuni. Kanuni za 2014 zilipingwa kortini hadi Mahakama ya Juu, ambayo ilizikubali Novemba 2019. Kampuni ina mawakili wa kubishana miaka mitano. Shangazi ana mikebe.

Na utekelezaji mnauona wenyewe. Sheria hiyo inasema pakiti ya sigara isipungue 10, lakini nenda kibanda chochote jioni uone kama hutauziwa moja, tena na kiberiti umepewa.

Shisha nayo, ambayo ni kiko cha maji tu (Pwani wazee walikuwa na kiko cha kifuu cha nazi zamani za kale), ilipigwa marufuku Desemba 2017. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliacha marufuku isimame lakini ikaitaka wizara irekebishe utaratibu kupitia Bunge ndani ya miezi tisa. Haikufanyika. Septemba 2024 korti ya Shanzu ikawaachilia watu 48 waliokamatwa kwa shisha, kwa sababu hiyo hiyo. Watu wakaandika mitandaoni "shisha imehalalishwa kwa sababu haina madhara". Hapana jamani. Karatasi haikupelekwa Bungeni.

Basi nilimpigia shangazi nikamweleza hivi kwa kifupi. Nikamwambia wanataka maandishi ya onyo, ndio, na sheria iko upande wao. Nikamwambia pia kwamba sharti hilo liliandikwa kwa kumwangalia mwenye kiwanda, na kumchapia yeye vibandiko vya mikebe thelathini kungemaliza faida ya mwezi. Akacheka, akasema hilo alijua bila kusoma.

Halafu nikafanya kosa la kumtajia koo la babu. Alinyamaza kidogo.

"Najua," akasema. "Nilimuuguza mimi."

Jumamosi iliyofuata alirudi sokoni. Mikebe iko chini ya meza, imefunikwa na gunia.