Sindano ya Dorkasi Chini ya Mlima Meru

Dorkasi alipofariki huko Yafa, wajane walimwonyesha Petro kanzu na nguo alizowashonea (Mdo. 9:39). Ushuhuda wao ulikuwa mikononi mwao. Habari hiyo inatukumbusha mafundi cherehani wa Arusha na Meru, ambao tunaposimulia historia ya kanisa letu huwa tunawasahau.

Babu zetu walivaa ngozi, zilizokwanguliwa, kulainishwa kwa mafuta na kushonwa. Kisha misafara ya biashara ikaleta amerikani na kaniki kutoka pwani. Injili nayo ilifika kwa machozi. Mwaka 1896 wamisionari Ewald Ovir na Karl Segebrock waliuawa Akeri, na Wajerumani wakalipiza kisasi kwa kumwaga damu ya wengi. Misheni ya Leipzig ilirudi, ikaanza kazi Nkoaranga mwaka 1902 na Ilboru mwaka 1904. Polepole nguo ya kitambaa ikawa vazi la ibada, na baraza la duka likawa mahali pa fundi na cherehani yake.

Asiyeweza kwenda kwa fundi, fundi humfuata. Hadi leo katika mitaa kama Kaloleni na Ngarenaro hupita fundi amebeba cherehani begani, akigongagonga mkasi ili tumsikie. Siku za soko la Tengeru, Jumatano na Jumamosi, mafundi hupunguza suruali za mitumba na kubadili zipu huku mwenye nguo akisubiri. Shati la kaka hutiwa kiraka, likamfaa mdogo wake shuleni.

Mtume Paulo mwenyewe aliishi kwa kushona mahema (Mdo. 18:3). Basi tujiulize: sisi tunawatendeaje watu wa kazi hiyo? Kwaya inapobadili sare, tunambembeleza fundi apunguze bei, kisha tunamlipa baada ya Pasaka. Na yuko mama mwenye sauti nzuri anayeacha kuja mazoezini kwa kukosa fedha ya kitambaa. Nguo iliyopaswa kumsitiri imemfungia mlango.

Torati inakataza ujira wa kibarua kulala kwetu hadi asubuhi (Law. 19:13). Wapendwa, tumlipe fundi siku anayomaliza kazi. Na kabla ya kuchagua rangi ya sare mpya, tumshonee kwanza yule mama.