Mukombero: mzizi wa msituni unaolimika chini ya miti

Mukombero ni mmea wa dawa unaopanda juu ya miti. Kitaalamu huitwa Mondia whytei. Jina hilo ni la Waluhya wa magharibi mwa Kenya. Nchini Uganda mmea huohuo hujulikana kama mulondo.

Matumizi
Mizizi yake hunukia kama vanila. Watu hutafuna ganda lake nene ili kupata hamu ya kula na kutuliza tumbo, na wengi huamini kuwa huongeza nguvu za kiume. Huuzwa mbichi kwa mafungu, au hukaushwa na kusagwa kuwa unga wa kutia katika chai na uji.

Kwa nini ulimwe
Kwa miaka mingi mzizi huu umechimbwa porini, ikiwemo misitu ya Kakamega (Kenya) na Mabira (Uganda). Mchimbaji akitoa mizizi yote, mmea hufa kabla ya kutoa mbegu. Huko KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, uchimbaji wa namna hiyo umeufanya uwe adimu. Mkulima anayeupanda kwake hupata bidhaa bila kuumaliza msitu.

Namna ya kulima
Mukombero hupenda udongo wenye rutuba na unyevu, pamoja na kivuli chepesi. Hivyo hufaa chini ya miti iliyopo shambani, ambayo pia huupa mahali pa kupandia. Vitumba vikomaavyo hupasuka na mbegu hupeperushwa na upepo, kwa hiyo vichumwe mapema. Miche huoteshwa kitaluni, kisha huhamishiwa shambani mvua zinapoanza, katika mashimo yenye mboji. Matawi ya miti yakisonga sana hupunguzwa. Wakati wa kuvuna, fukua upande mmoja, kata mizizi michache minene, kisha rudishia udongo ili mmea uendelee kuishi.

Kuvusha mpakani
Mizizi ni mazao ya mimea, hivyo huhitaji cheti cha afya ya mimea. Kwa Kenya hutolewa na KEPHIS. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani unaweza kutumia cheti rahisi cha uasili, mradi bidhaa imo katika orodha iliyokubaliwa. Mfanyabiashara aulize kwanza ofisi ya forodha, Busia au Malaba, kabla ya kununua mzigo. Mizizi mibichi ikizuiliwa mpakani kwa kukosa karatasi, hunyauka na hasara ni yake.