Chungu Kilichopaliwa: Mapishi ya Taratibu Yasiyo na Ngano katika Mji wa Kale wa Mombasa

Mapishi ya taratibu, yaani yale ambayo chakula huachwa kiive kwa saa nyingi juu ya moto mdogo bila mpishi kusimama kando yake, yana historia ndefu katika kisiwa cha Mombasa, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni ya vyakula visivyo na ngano. Ukosefu huo wa ngano haukutokana na ushauri wa tabibu. Gluteni, ile protini inayoufanya unga wa ngano uvutike ukikandwa, na ambayo aina zake zimo pia katika shayiri na rai, haikuhusishwa kwa uhakika na maradhi ya seliaki, yanayoharibu utando wa utumbo mwembamba, hadi katikati ya karne ya 20, wakati Willem Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi, alipowasilisha tasnifu yake mwaka 1950. Mombasa ilikula bila gluteni kwa sababu ngano haistawi katika joto na unyevu wa pwani, na ilipika taratibu kwa sababu ya aina ya vyombo, uhaba wa kuni kisiwani na, zaidi ya yote, kwa sababu ya namna kazi ilivyogawanywa ndani ya nyumba. Sababu hii ya mwisho ndiyo ambayo vitabu vya mapishi hupenda kuiruka, ilhali bila hiyo chungu cha Mji wa Kale hakieleweki.

Nafaka za mwanzo za pwani zilikuwa za Kiafrika. Mabaki ya mimea yaliyochimbuliwa katika makazi ya kale ya Kenya na Tanzania yanaonyesha mtama, mawele na ulezi vikitangulia, na mchele ukifuata baadaye kwa kasi isiyolingana kutoka mahali hadi mahali. Mfano ulio wazi zaidi unatoka Pemba, ambako utafiti wa Sarah Walshaw umeonyesha kwamba wakazi wa Tumbe, mji uliostawi kati ya karne ya 7 na ya 10, walitegemea mawele, lakini wale wa Chwaka, mji uliofuata, waligeukia mchele kuanzia karne ya 11, wakati ambapo miji ya pwani ilikuwa ikikua, ikijenga misikiti ya mawe na kuandaa karamu za kuonyesha hadhi. Katika Mombasa yenyewe, uchimbaji uliofanywa na Hamo Sassoon mwaka 1976 kwenye eneo la hospitali kuu ya mkoa wa Pwani ulithibitisha kwamba mji wa kwanza ulikuwa kaskazini ya Mji wa Kale wa leo, na miongoni mwa vilivyotolewa ardhini vilikuwamo vigae vingi vya vyungu vya udongo.

Ibn Battuta, aliyelala Mombasa usiku mmoja mwaka 1331 akielekea Kilwa, aliandika kwamba wakazi wa kisiwa hawakulima nafaka, bali waliletewa kutoka bara ya pwani, na kwamba chakula chao kikubwa kilikuwa ndizi na samaki. Maelezo hayo ni mafupi na ya mgeni mpita njia, lakini yanagusa jambo ambalo karne zilizofuata hazikulibadilisha: kisiwa hiki kidogo hakikuwahi kujilisha. Mwanzoni mwa karne ya 16 Mreno Duarte Barbosa alisifu wingi wa mchele, mtama, kondoo, kuku na malimau mjini, na wingi huo ulikuwa wa sokoni na bandarini kuliko wa shambani. Mchele mwingi ulivuka bahari kutoka Pemba, na ndiyo maana Wamazrui walioitawala Mombasa katika karne ya 18 walikipigania kisiwa hicho kama mtu anavyoipigania ghala yake. Walipokipoteza kwa Sayyid Said wa Oman mwanzoni mwa miaka ya 1820, uhuru wao uliponyoka baada ya muda usiotimia miaka 20, mwaka 1837. Baadaye Pemba ilizama katika karafuu, hasa baada ya tufani ya mwaka 1872 kung'oa mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba, nao mchele wa kutoka India na Burma ukazidi kuziba pengo. Kwa upande mwingine, mihogo na mahindi, mimea ya bara la Amerika iliyofika Afrika kwa merikebu za Wareno, vilikuwa vimekwisha kuenea katika mashamba ya ng'ambo ya kisiwa na kuwa tegemeo la wasiomudu mchele kila siku. Katika orodha hii yote, kuanzia mawele hadi muhogo, hakuna kilicho na gluteni.

Jinsi vyakula hivyo vilivyopikwa iliamuliwa na chungu. Udongo hupata moto polepole na huachana nao polepole, na chungu kikiwekwa juu ya mafiga matatu, kisha kuni zikavutwa nje na kubakizwa makaa, kinaendelea kutokota muda mrefu baada ya mwali kuzimika. Mpishi wa pwani aliongeza hila ya pili, ambayo ndiyo sahihi ya jiko la Mombasa hadi leo, nayo ni kupalia: kufunika chungu, zamani kwa mkungu, yaani kifuniko cha udongo, na siku hizi kwa sinia au kifuniko cha bati, kisha kutandaza makaa ya moto juu yake ili joto lishuke kama linavyopanda. Jiko lenye moto wa juu na wa chini si jambo dogo. Linafanya kazi ya tanuri mahali pasipo na tanuri, linakausha wali bila kuhitaji kukorogwa, na, la muhimu kwa historia hii, linamwachilia mpishi mikono yake. Nyumba nyingi za Mji wa Kale zilikuwa na jiko uani au juu darini, mbali na vyumba vya kukaa, na seredani, yaani jiko la makaa linalobebeka, ilihamishwa kwa kufuata kivuli na upepo.

Wali wa nazi ni mfano unaostahili kuangaliwa hatua kwa hatua, kwa kuwa kazi yake ngumu iko mwanzoni tu. Nazi hukunwa kwa mbuzi, kibao cha kukalia chenye ulimi wa chuma wenye meno. Machicha hukamuliwa katika kifumbu, mfuko mwembamba uliosukwa kwa ukindu. Tui la kwanza, zito, liitwalo kasimile, hutengwa, na tui jepesi la mkamuo wa pili na wa tatu ndilo linaloivisha mchele. Maji yanapokaribia kukauka kasimile humiminwa, chungu hupaliwa, na kuanzia hapo mwanamke anaweza kuswali, kushona kofia, kumwogesha mtoto au kupokea wageni, kwani hata akichelewa hasara yake ni ukoko mnene zaidi, ambao watoto huugombania. Mbaazi na kunde hufuata mantiki iyo hiyo kwa muda mrefu zaidi: hurowekwa, huchemshwa kwa maji matupu, huongezwa tui jepesi, na kasimile huingia mwisho kwa kukorogwa bila kuachwa, lisije likakatika. Mseto wa pojo, ambamo mchele na pojo huachwa viive hadi vivurugane, ulikuwa chakula cha watoto, wazee na wagonjwa, na ni shida kufikiria mlo mwingine uliokamilika kwa sufuria moja na gharama ndogo kiasi hicho.

Hata mikate ya zamani haikuhitaji ngano. Mkate wa sinia, ambao wengine huuita mkate wa kumimina, hutengenezwa kwa mchele uliorowekwa na kusagwa pamoja na tui, sukari, iliki na hamira, ukaachwa uumuke, kisha ukaokwa kwa makaa ya juu na chini. Vibibi na vitumbua ni jamaa zake wa karibu. Mkate wa mofa, kwa asili yake, ulikuwa wa unga wa mtama, ukabandikwa ndani ya tanuri ndogo ya udongo iliyokwisha kupashwa moto. Wataalamu wa lishe wa leo huueleza mtama kama badala ya ngano kwa mgonjwa wa seliaki, lakini kwa Mombasa mpangilio huo umepinduliwa, kwa kuwa ngano ndiyo iliyokuja kuchukua nafasi ya mtama.

Ukweli unalazimisha kukiri kwamba chungu cha taratibu kuliko vyote katika Mji wa Kale ni cha ngano. Bokoboko, ngano nzima na nyama vilivyopikwa pamoja kwa saa nyingi, mara nyingi usiku kucha, hadi vikapondwa kuwa uji mzito unaomwagiwa samli, liliingia pwani kwa ndugu na wafanyabiashara wa Kiarabu, ambao kwao huitwa harisi. Lilikuwa chakula cha arusi na sikukuu, kwa kuwa ngano yake ililetwa kwa majahazi na kuuzwa ghali. Kwa karne nyingi, basi, ngano ilikuwa mgeni wa heshima mezani, haikuwa ya kila siku, na hali hiyo inaonyesha kwamba utaratibu wa kupika na aina ya nafaka ni mambo mawili yaliyokutana Mombasa, wala halikulizaa moja jingine.

Hapa ndipo swali la kazi linapojitokeza. Chungu kilichopaliwa kinajipika, lakini mtama haujitwangi na nazi haijikuni. Katika nyumba za wenye uwezo, kabla ya sheria ya mwaka 1907 iliyofuta utumwa katika pwani ya Kenya, kutwanga, kupepeta kwa uteo, kuteka maji na kukuna nazi zilikuwa kazi za watumwa wanawake, na utulivu wa jiko lililosifiwa na wageni ulisimama juu ya migongo yao. Margaret Strobel, katika utafiti wake juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa uliochapishwa mwaka 1979, pamoja na masimulizi ya maisha ya wanawake watatu ambayo yeye na Sarah Mirza waliyachapisha miaka kumi baadaye, anaeleza jinsi uhuru ulivyobadilisha mpangilio huo: waungwana waliozoea kuhudumiwa walianza kushika mchi wenyewe, nao waliokuwa watumwa na vizazi vyao wakatafuta riziki kwa njia mbalimbali, mojawapo ikiwa kupika vyakula na kuviuza. Muda wa kupika, uliokuwa haki ya bwana, ukawa bidhaa ya mpishi.

Mabadiliko ya nafaka yalifuata upesi. Reli iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 ilileta maelfu ya vibarua kutoka India, na hivyo ikazidisha haja ya unga wa chapati. Muhimu zaidi, iliufungua uwanda wa juu wa bara, ambako mlowezi Mwingereza Lord Delamere alijaribu ngano huko Njoro na kupata hasara kubwa kwa ugonjwa wa kutu kabla ya kufanikiwa, na ambako kampuni ya kusaga ya Unga ilianzishwa mwaka 1908. Kwa mara ya kwanza ngano ilifika Mombasa ikitoka nchi kavu. Boflo, chapati, mahamri na sambusa vikashuka kutoka karamu hadi chai ya asubuhi, na sababu kubwa ilikuwa wakati: kibarua wa gatini anayetakiwa bandarini Kilindini alfajiri hawezi kungoja mkate wa mchele uumuke, lakini anaweza kununua boflo. Vita vya Pili vya Dunia vilisukuma mbele mwelekeo huo. Japani ilipoiteka Burma mwaka 1942, mchele wa huko ulitoweka sokoni. Zanzibar mgao wa chakula ulifuata makundi ya rangi, na Kenya, iliyokumbwa pia na ukame, iliunda tume ya kuchunguza upungufu wa chakula mwaka 1943. Sima ya mahindi ilizoeleka katika nyumba ambazo hapo awali ziliiona kuwa chakula cha watu wa bara, ijapokuwa fahari ya wali haikuisha.

Wakati huohuo, ng'ambo ya bahari, tatizo lile lile la muda wa mpishi lilikuwa likitafutiwa mashine. Irving Naxon wa Chicago alipata hataza ya chungu cha umeme cha kupikia taratibu mwaka 1940, akieleza kwamba wazo lilitokana na masimulizi ya familia kuhusu mchanganyiko wa maharagwe na nyama ambao Wayahudi wa Lithuania waliuacha katika tanuri la mwokaji tangu Ijumaa jioni ili usiwashwe moto siku ya Sabato. Kampuni ya Rival iliyonunua biashara yake mwaka 1970 iliuza chombo hicho kwa jina la Crock-Pot kuanzia mwaka uliofuata, na wanunuzi wakuu walikuwa wanawake walioajiriwa nje ya nyumba. Tofauti moja ya kiufundi inafaa kutajwa. Chombo cha umeme kinaweza kubaki chini ya kiwango cha kuchemka tangu mwanzo hadi mwisho, na maharagwe mekundu yakipikwa hivyo hubaki na sumu ambayo kuchemka kikamilifu kwa dakika 10 huiondoa, ilhali desturi ya Mombasa ya kuanza na moto mkali na kumalizia na makaa ilikuwa na kinga hiyo bila kuijua.

Katika Mji wa Kale chombo hicho hakikuenea, na nafasi yake ilichukuliwa na mchanganyiko wa vifaa: jiko la gesi kwa mchemko wa kwanza, jiko la makaa lenye kitako cha udongo, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, kwa kupalia. Marufuku ya ukataji miti katika misitu ya umma, iliyotangazwa Februari 2018, ilipandisha bei ya makaa na kuzifanya nyumba nyingi zipalie kwa siku maalumu tu, kama za pilau na biriani. Familia yenye shughuli nyingi hainunui mashine bali hununua muda wa jirani: mbaazi za nazi zilizotokota usiku huuzwa asubuhi mitaani, kwa upawa, kwa watu wanaoelekea kazini na shuleni. Mwenzi wa kawaida wa mbaazi hizo ni hamri la ngano, na asiyeweza kula ngano hana budi kuulizia vibibi au muhogo, ambavyo muuzaji huyohuyo, au wa pembeni yake, mara nyingi huwa navyo.