Sare tatu, bao moja

Bandugu, hapa Kolwezi tunazoea kusema sare ni kupoteza. Tukumbuke CAN 2015. Katika kundi, Léopards hawakushinda hata mechi moja: na jirani zetu Zambia 1-1, Cap-Vert 0-0, Tunisia 1-1. Poini 3. Cap-Vert nao sare tatu, poini 3, na tofauti ya mabao ilikuwa 0 kwa wote. Nini ilitutenganisha? Mabao ya kufunga: sisi 2, wao 1. Ile bao ya Bokila mbele ya Tunisia ilifanya kazi mara mbili: ilileta poini, ikavunja usawa. Cap-Vert wakarudi kwao bila kushindwa. Sisi tukamaliza wa tatu Afrika. Guinea na Mali walilingana kila kitu, ikapigwa kura, Mali wakatoka. Bandugu, tusome sheria kwanza, mahesabu nyuma.