Kiswahili Kilipokuwa Makerere

Juni 1962, miezi minne kabla ya uhuru wa Uganda, waandishi kutoka pande nyingi za Afrika walikutana Makerere. Walikuwapo Chinua Achebe, Wole Soyinka, Ezekiel Mphahlele, Grace Ogot na Rebecca Njau. Langston Hughes alitoka Marekani. Walijadili fasihi ya Kiafrika ni nini, na mwandishi afanyeje anaposimulia mambo ya kwao kwa lugha ya watu wengine. Lakini nusu ya swali ilikuwa imekwisha jibiwa mlangoni, kwa kuwa mkutano uliitwa wa waandishi wa Afrika wanaoandika kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa hapa, James Ngugi, ambaye baadaye tulimjua kama Ngũgĩ wa Thiong'o, alialikwa kwa sababu ya hadithi fupi mbili tu. Alimpa Achebe mswada wake ausome. Shaaban Robert, aliyekuwa ameandika mashairi, tenzi na riwaya kwa miaka mingi, hakuwa na nafasi. Mwezi huohuo alifariki dunia.

Ngũgĩ mwenyewe aliikumbusha aibu hiyo katika kitabu chake cha 1986, Decolonising the Mind, nasi wanafunzi wa Kiswahili tunapenda kuirudia: lugha yetu ilifungiwa nje. Nadhani tunaisimulia nusu.

Kiswahili hakikuwa mgeni mlimani hapa. Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930, ilihamishiwa Makerere mwaka 1952 ikakaa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilipopelekwa Mombasa. Baadaye ikawa taasisi ya Dar es Salaam tuliyoizoea kwa jina la TUKI. Ilisanifisha tahajia, ilikagua vitabu vya shule kabla havijachapwa, ilitoa jarida. Shaaban Robert alikuwa mjumbe wake. Wasifu wa Siti binti Saad, alioutunga yeye, ulitoka katika nyongeza ya jarida hilo mwaka 1958, Kamati ikiwa bado hapa. Kwa hiyo maandishi yake yalifika Makerere kabla ya mkutano, ila yalipita mlango mwingine. Kiswahili kilikaa ofisini, kikihesabiwa herufi na viambishi. Fasihi ilikaa darasani na katika Penpoint, gazeti la wanafunzi la Idara ya Kiingereza.

Nilipoyaunganisha haya mara ya kwanza nilikasirika. Ilikuwaje lugha ikae mlimani karibu miaka kumi bila mtu kuitazama kama kazi ya sanaa? Baadaye hasira ilipungua, na aliyeipunguza ni Ngũgĩ huyohuyo.

Mwishoni mwa 1977 alikamatwa kufuatia mchezo wa Kamĩrĩĩthũ, Ngaahika Ndeenda. Mwaka 1978, akiwa gereza la Kamĩtĩ, aliandika riwaya kwa Kigĩkũyũ, Caitaani Mũtharaba-inĩ, juu ya karatasi za chooni. Sifa ya karatasi zile imevuma sana, lakini mimi kilichonishika ni jambo dogo alilolieleza baadaye: tahajia ilimsumbua. Hati ya Kigĩkũyũ haikuonyesha vizuri urefu wa irabu na toni, basi aya aliyoiandika jioni akiwa na hakika nayo aliweza kuisoma baadaye akakuta inabeba maana tofauti kabisa. Mtu aliyekwisha andika riwaya 4 za Kiingereza alikuwa akihangaika na irabu.

Hapo ndipo nikaiheshimu ile ofisi. Shaaban Robert alipokaa kuandika, swali la herufi lilikuwa limekwisha shughulikiwa. Si bure, kwani mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipochagua Kiunguja kiwe msingi, washairi wa Kimvita na Kiamu walikuwa na haki ya kunung'unika, na wengine wananung'unika hadi leo. Hata hivyo kazi ile ya kuchosha ndiyo inayonipa mimi sentensi ambayo kesho bado itasomeka nilivyotaka.

Nisichopewa ni msomaji wa Kampala. Amin alikitangaza Kiswahili lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa wazee wetu wengi kikabaki lugha ya kambi ya jeshi. Marekebisho ya katiba ya 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Maamuzi yote hayo ni ya ofisini tena.

Nilitunga hadithi ya mama anayeuza matoke sokoni Nakasero. Mama huyu katika maisha anasema Luganda, na mteja wake humwita "ssebo". Nikamwandikia "bwana", akageuka ghafla, akawa kama anamsihi askari. Nikaandika "kaka", akawa mtu wa Dar es Salaam. Ni swali lilelile walilolijadili wale wa 1962, jinsi ya kubeba kauli ya watu kwa lugha isiyo yao, ila safari hii lugha ngeni ni Kiswahili chetu. Mwishowe niliacha "ssebo". Mwalimu akapiga mstari mwekundu, akaandika pembeni: "Kiswahili chake ni nini?" Sijampa jibu.