Sketi ya Batwoman

Mimi ni fundi cherehani, na hata katuni nazisoma kifundi: kwanza natazama nguo. Binti yangu aliponiletea kitabu cha kwanza cha DC Comics: Bombshells, macho yangu yalitua kwenye vazi la Batwoman. Lilikuwa vazi la kuchezea besiboli, na mkononi ameshika gongo.

Hadithi inafunguka usiku, katika uchochoro wa Gotham. Mume, mke na mtoto wao wa kiume wamekabwa na majambazi. Anayemjua Batman anajua kinachofuata: wazazi watauawa, na mtoto atakua na kisasi hadi awe shujaa. Safari hii anatokea Batwoman na gongo lake, na familia inarudi nyumbani salama. Niliurudia ukurasa ule mara tatu. Miaka nenda rudi mashujaa wa kike walishonewa mabaki ya kitambaa cha wanaume: Superman kwanza, ndipo Supergirl, Batman kwanza, ndipo Batwoman. Mwaka 2015 mwandishi Marguerite Bennett na mchoraji Marguerite Sauvage walifungua jora jipya, wakaandika Vita Kuu ya Pili ambamo wanawake hawa ndio wako mstari wa mbele.

Jora hilo lina asili yake. Mfululizo ulitokana na sanamu alizobuni Ant Lucia, kwa mtindo wa wale warembo waliochorwa kwenye pua za ndege za kivita miaka ya 1940. Jina lenyewe lina maana mbili, bomu na mrembo wa kushtua. Warembo wale walipamba ndege ambazo wao hawakuzirusha. Sauvage amewapa kazi.

Nirudi kwenye lile vazi la Batwoman: ligi ya besiboli ya wanawake ilikuwapo kweli Marekani. Philip Wrigley, tajiri wa ubani wa kutafuna, aliianzisha 1943 wachezaji wa kiume walipokuwa wakienda jeshini, nayo ikadumu hadi 1954. Mabinti walivalishwa gauni lenye sketi, na kanuni ikataka pindo lisipande zaidi ya inchi 6 juu ya goti. Katika mchezo huu mtu hujitupa chini akateleza kwa paja ili afike kituoni kabla ya mpira. Sasa hebu mtu ateleze ardhini akiwa na sketi! Ngozi ilichubuka, ikatoka damu, na kesho yake anateleza juu ya kidonda kilekile. Aliyekata nguo ile alimfikiria mtazamaji, hakumfikiria anayeivaa. Na wanawake weusi hawakupewa hata hiyo sketi, kwani ligi ile haikuwapokea. Mmoja wao, Toni Stone, alikuja kucheza 1953 katika ligi ya weusi, pamoja na wanaume.

Katika katuni, Supergirl na Stargirl ni ndugu wawili wa Urusi, marubani wa Wachawi wa Usiku. Hapa nilidhani Bennett ametunga. Kumbe Wajerumani ndio waliowapa jina hilo wanawake wa Regimenti ya 588 ya Kisovieti, ya kudondosha mabomu usiku, iliyotokana na juhudi za rubani Marina Raskova mwaka 1941. Walirusha Po-2, ndege ya mbao iliyovikwa turubai, watu wawili ndani, na kwa muda mrefu bila parashuti. Wakikaribia shabaha walipunguza mlio wa injini, ndege ikaelea gizani, na aliyekuwa chini akasikia upepo tu ukipita kwenye nyaya. Usiku mmoja waliweza kwenda na kurudi mara 8 au zaidi. Nadezhda Popova peke yake alihesabiwa safari 852.

Jeshi liliwapa sare za wanaume, mpaka chupi. Viatu vilikuwa vikubwa, wakavijaza karatasi na matambara. Wawili kati yao walifungua bomu la kumulika, wakachukua parashuti yake ndogo ya hariri, wakajishonea nguo za ndani. Mahakama ya kijeshi iliwahukumu miaka 10, kisha wakaachwa regimentini waendelee na vita.

Hariri naijua. Inateleza, inakimbia mkasi, ukivuta uzi kidogo tu inakunjamana. Kuishona kambini, huku usiku ukiingia na ndege zinasubiri! Nimemwambia binti yangu, ningekuwa mimi ndiye ninayechora, kisanduku changu cha kwanza kingekuwa mikono ile miwili na sindano.